Naupataje ushahidi wa utafiti wa tiba unaoaminika? Nina kikao Ijumaa kuhusu kalsiamu kwa wajawazito

MkungaWaMbagala – Jumapili, saa 3:40 usiku

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni muuguzi mkunga, nipo kituo cha afya huku Mbagala, upande wa kliniki ya wajawazito. Naomba msaada, na naomba tuliongee kwa uzito maana linawagusa kina mama ninaowaona kila siku.

Wiki iliyopita mwenzetu mmoja alirusha kwenye grupu letu la WhatsApp picha ya skrini yenye maandishi ya Kiingereza, chini yake akaandika: "Utafiti umethibitisha. Kalsiamu kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha, hakuna haja ya vitatu." Grupu likawaka moto. Wengine walifurahi, maana kumwambia mama ameze kalsiamu mara tatu kwa siku, na FEFO (kidonge cha madini ya chuma na foliki asidi) juu yake, ni shughuli. Wengine wakasema ni uzushi tu kama ule wa vitunguu saumu. Mimi sikusema kitu, ila nilikuwa namfikiria mama mmoja wa uzazi wa kwanza aliyekuja Jumatano. Alifungua fundo la khanga mbele yangu, akanionesha vidonge nilivyompa mwezi uliopita. Zaidi ya nusu vilikuwa bado vipo. Akaniambia, "Sista, ni vikubwa, vinanikwama kooni, na vikikwama natapika mpaka chakula." Ningeweza kumwambia ameze kimoja tu, angenishukuru. Lakini kama siyo kweli?

Mganga mfawidhi ndiye aliyefunga mjadala. Akasema, "Sista, wewe utatuletea jibu Ijumaa kwenye kikao cha asubuhi. Usituletee maoni, tuletee ushahidi."

Basi nimekaa na simu tangu jana. Google imenipa duka linalouza virutubisho, blogu ya mama mmoja wa Marekani, video ya mtu aliyevaa koti jeupe asiyetaja hata amesomea wapi, na makala moja iliyotaka nilipe dola ndipo niisome. Bando limekata. Chuoni somo la utafiti tulilisoma muhula mmoja, tukafanya mtihani, tukafaulu, ila hakuna aliyewahi kunikalisha mbele ya kompyuta akanionesha namna ya kutafuta.

Naanzia wapi? Ipi ni ya kuaminika na nitaijuaje? Na kuna mafunzo ya bure mtu anayeweza kuyafuata kwa simu, usiku, watoto wakishalala?

---

Chuma_Kigamboni – Jumapili, saa 4:05 usiku

Sista usijitese. Iulize akili mnemba, dakika moja unapata jibu na marejeo yake kabisa. Mimi kazi zangu zote nafanya hivyo.

---

MamaMkutubi – Jumapili, saa 4:50 usiku

Mwanangu wa Mbagala, nimesoma swali lako mara mbili. Hilo fundo la khanga limenigusa. Mimi ni mkutubi. Nimefanya kazi kwenye maktaba za tiba hapa Dar tangu mwaka 1989 hadi nilipostaafu, na mpaka leo wauguzi na madaktari vijana wananipigia. Nitakuandikia kwa urefu, uniwie radhi.

Kwanza kwa kijana wangu wa Kigamboni. Siikatai akili mnemba, inasaidia kueleza neno gumu. Lakini mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniletea orodha ya marejeo aliyopewa na mashine hiyo, akitaka nimsaidie kuyapata. Mawili hayakuwepo duniani. Majina ya waandishi yalikuwa kamili, jarida ni la kweli, mwaka umeandikwa, lakini makala yenyewe haikuwahi kuandikwa na mtu yeyote. Binti alilia pale mezani, maana alikuwa ameshajengea sura nzima juu yake. Ukipewa rejeo na mashine au na mtu, nenda kalitafute mwenyewe kwa macho yako. Lisipoonekana, usilitumie.

Sasa turudi kwako. Wengi hukosea pale mwanzoni kabisa: wanaingia mtandaoni na jibu mkononi, wanatafuta wa kuwaunga mkono. Ukiandika "kalsiamu 500 inatosha" utaletewa wanaosema inatosha. Chukua daftari kabla ya simu, uandike mistari minne. Nani: mjamzito wa aina gani. Nini: miligramu 500 kwa siku. Ukilinganisha na nini: miligramu 1,500. Ili kuzuia nini: dalili za awali za kifafa cha mimba (kwa Kiingereza preeclampsia), na labda kujifungua kabla ya wakati. Mstari wa nne ndio watu husahau, na ndio utakaokuja kukusaidia au kukuumbua Ijumaa.

Ukishaandika, ndipo ufungue PubMed. Ni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iko bure kwa kila mtu tangu 1997, na ina taarifa za makala zaidi ya milioni 35. Hao ni watunza orodha, mwanangu. Wao siyo waandishi wa makala. Kuwa ndani ya PubMed hakufanyi makala iwe kweli. Inakuonesha tu kwamba ipo na iko wapi. Nilipoanza kazi tulikuwa na Index Medicus, vitabu vinene vya mada kwa herufi ndogo sana. Daktari alikuja na swali, tukafunua mwezi baada ya mwezi kwa kidole, tukapata jina la makala, halafu tunaandika barua kuomba nakala nje ya nchi. Jibu likirudi, mgonjwa alishapona au alishazikwa. Ndiyo maana nikimwona mkunga ameshika simu yenye milango hiyo yote na hajui kuifungua, roho inaniuma.

Maneno ya kutafutia yawe ya Kiingereza, ndivyo kanzidata ilivyo. Yaunganishe kwa AND ya herufi kubwa ukitaka yote yawepo, na OR ukitaka mojawapo. Kwako anza hivi:

calcium AND preeclampsia

Zitakuja nyingi mno. Usiogope, na usianze kusoma ya kwanza. Tafuta vichujio. Kwenye kompyuta viko kushoto, kwenye simu vimejificha ndani ya kitufe. Chagua mapitio ya kimfumo (systematic reviews) kwanza. Ukimaliza hayo, rudi uchague majaribio ya nasibu (randomized trials), yale ambayo watu hugawanywa makundi kwa bahati nasibu. Kisha ongeza neno moja:

calcium AND preeclampsia AND Tanzania

Hilo la mwisho usiliache. Watu wa kwetu wanatafuta utafiti kana kwamba wagonjwa wetu hawajawahi kutafitiwa. Mwaka 2007 lilichapishwa jaribio la vitamini kwa wajawazito 8,468 wasio na virusi vya UKIMWI, na wote walikuwa wa hapa hapa Dar es Salaam. Watoto waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa asilimia 7.8 kwa waliopewa vitamini, na asilimia 9.4 kwa wasiopewa. Ninaowauliza hapa mjini wengi hawajawahi kulisikia.

Kwa nini uanze na mapitio ya kimfumo? Fungua tovuti ya Cochrane, mtandao wa watafiti ulioanzishwa 1993, uitazame nembo yao. Ile mistari midogo iliyolala katikati siyo pambo. Kila mstari ni jaribio moja la sindano ya steroidi kwa mama anayetarajia kujifungua kabla ya wakati, jamii ile ile ya deksamethazoni unayoijua wewe. Jaribio la kwanza lilichapishwa 1972. Yakafuata mengine, na mengi yakitazamwa moja moja yalionekana kama hayana jibu. Mapitio yaliyoyaunganisha na kuonesha wazi kwamba sindano ile inaokoa watoto yalichapishwa 1989. Hesabu miaka hapo, ni 17. Kwa hiyo ukisoma jaribio moja unasikia shahidi mmoja. Mapitio ya kimfumo ni mashahidi wote wamekalishwa pamoja na kuhojiwa kwa utaratibu ulioandikwa mapema.

Mapitio ya Cochrane kuhusu kalsiamu yapo. Toleo la 2018 lilikusanya kwa dozi kubwa majaribio 13 yenye wanawake 15,730, na hatari ya dalili za awali za kifafa cha mimba ilionekana kupungua kwa zaidi kidogo ya nusu. Lakini usiishie hapo. Waandishi wenyewe wanaonya kwamba huenda faida imekuzwa, kwa sababu majaribio madogo ndiyo yaliyoonesha faida kubwa. Jaribio kubwa la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2006, wanawake 8,325, halikuonesha idadi ya wanaopata tatizo ikipungua kwa kiwango cha kutegemewa. Ukifungua ukurasa wao, angalia pia kama kuna toleo jipya kuliko la 2018, kwa sababu hufanyiwa marekebisho na hitimisho huweza kubadilika.

Kuhusu malipo: usilipe dola ya mtu. Ikisiri, yaani muhtasari wa makala, ni bure karibu kila mara. Makala kamili itafute PubMed Central, hiyo ni ghala ya makala za bure. Isipokuwepo, kuna Hinari, mpango ulioanza 2002 kati ya Shirika la Afya Duniani na wachapishaji ili nchi kama yetu zisome majarida bila kulipa au kwa bei ndogo. Anayesajiliwa ni taasisi, siyo mtu mmoja mmoja, kisha wafanyakazi wote wanatumia nywila hiyo moja. Muulize mganga mfawidhi wako kama mmesajiliwa. Majarida ya Afrika yako AJOL, tovuti ya African Journals Online.

Mafunzo: Maktaba ile ya Marekani ina video fupi fupi za PubMed, nyingine ni dakika chache tu. Cochrane wana kozi ya bure inaitwa Evidence Essentials, ina sehemu nne, kaa nayo usiku mmoja kwa kila sehemu. Na Research4Life, ambayo ndiyo mwamvuli wa Hinari, wana mafunzo yao. Yote ni kwa Kiingereza, na hilo linanisikitisha, ila Kiingereza chake si kigumu. Usiangalie video tano mfululizo. Angalia moja, kisha fanya na swali lako lile lile la kalsiamu. Mkono ndio unaojifunza.

---

Tabibu_Temeke – Jumatatu, saa 12:15 asubuhi

Shikamoo Mama Mkutubi, umesema kila kitu. Naongeza moja kwa sababu ilinigusa mwenyewe.

Nilipoanza kazi wodi ya watoto nilikuwa naamini, na wote tuliamini, kwamba mtoto mwenye homa kali na mikono ya baridi, mapigo dhaifu, umwongezee maji ya mshipa haraka haraka. Vitabu vilisema hivyo. Nimefanya hivyo kwa mikono yangu, mara nyingi. Mwaka 2011 likatoka jaribio la FEAST, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini (maji yenye protini ya damu) haraka, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi haraka, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa kwa kasi hiyo. Nilisoma nikiwa nimesimama koridoni, nikalazimika kukaa chini.

Ila sikiliza na hili, sista. Mwenzangu aliyesoma kichwa cha habari tu alikuja kazini akitaka mtoto mwenye kuhara aliyekauka asipewe maji. Ukifungua makala, sehemu ya mbinu, unakuta watoto wenye kuhara na kutapika waliondolewa kwenye jaribio, pamoja na wenye utapiamlo mkali na walioungua. Jibu lile halikuwa lao. Tulibishana pale kitandani mpaka nikamfungulia ukurasa. Kwa hiyo ukipata makala yako, kabla ya matokeo, soma nani waliingizwa na nani waliachwa nje.

---

BabaNeema – Jumatatu, saa 2:30 asubuhi

Nafuatilia. Mimi siyo mtu wa afya, nauza vipuri Kariakoo. Mama yangu ana presha na kila siku analetewa ujumbe wa majani ya kuchemsha, juzi kaacha vidonge siku nne. Hizi tovuti na mimi naweza kuzielewa au ni za madaktari tu?

---

MamaMkutubi – Jumatatu, saa 3:10 asubuhi

Unaziweza, baba. Kwako anza na MedlinePlus, ni ya maktaba ile ile lakini imeandikwa kwa ajili ya wagonjwa na ndugu zao. Kwenye Cochrane kila mapitio yana muhtasari wa lugha nyepesi. Lakini la mama yako halisubiri mtandao. Leo hii arudi kwa daktari wake apimwe, na aseme wazi kwamba aliacha dawa siku nne. Hayo majani tutayatafuta baadaye, mimi na wewe, hapa hapa.

---

MkungaWaMbagala – Jumatano, saa 4:20 usiku

Shikamoo mama. Nimefuata kama ulivyonielekeza, daftari kwanza. Jana usiku nilikaa na video mbili tu, leo nikatafuta mwenyewe, na nilipoongeza neno Tanzania nikakutana nayo! Nadhani ndiyo ile ya kwenye picha ya skrini. Imo kwenye New England Journal of Medicine ya mwaka 2024. Ni majaribio mawili, moja Bangalore kule India, jingine Dar es Salaam. Wanawake 11,000 kila nchi. Mama, 11,000 wa Dar! Nilikaa nikifikiria huenda wapo niliowapokea mimi mwenyewe.

Ila nimekwama. Ikisiri nimeisoma mara nne. Kwa Tanzania naona tatizo la presha na protini, hizo dalili za kifafa cha mimba, lilikuwa asilimia 3.0 kwa waliopata miligramu 500 na 2.7 kwa waliopata 1,500. Kwa akili yangu 3.0 ni nyingi kuliko 2.7, sasa mbona wanasema dozi ndogo siyo mbaya zaidi? Halafu kwenye kujifungua kabla ya wakati naona India wanasema sawa, Tanzania wanasema hapana. Sielewi nisimamie wapi, na Ijumaa ni keshokutwa.

---

MamaMkutubi – Jumatano, saa 5:00 usiku

Marahaba mwanangu. Umefika mahali ambapo aliyerusha picha ile hakufika. Tulia, chukua daftari.

Usishike asilimia, shika watu. Fikiria wanawake 1,000 wa Dar wamekaa kwenye mabenchi ya kliniki. Wakimeza miligramu 500, 30 kati yao wanapata tatizo. Wakimeza 1,500, ni 27. Tofauti ni watu watatu katika elfu moja, na tofauti ndogo namna hiyo inaweza kuletwa na bahati tu.

Sasa, jaribio hili halikuuliza dozi ipi ni bora. Liliuliza: dozi ndogo ikiwa mbaya zaidi, ubaya huo unaweza kuvuka mpaka tuliouweka kabla ya kuanza? Mpaka uliwekwa mapema, ukaandikwa. Kwa dalili za kifafa cha mimba, kote kuwili, India na Dar, dozi ndogo haikuvuka. Hapo mwenzenu alisema kweli.

Ukienda kwenye kujifungua kabla ya wakati: India walikuwa 114 katika 1,000 kwa dozi ndogo na 128 kwa dozi kubwa. Dozi ndogo haikuvuka mpaka. Dar walikuwa 104 kwa dozi ndogo na 97 kwa dozi kubwa. Tazama zile namba mbili zinazofuata uwiano wa 1.07 (ndiyo 104 ukigawanya kwa 97), yaani 0.95 na 1.21. Maana yake ukweli unaweza kuwa popote kati ya hapo: huenda dozi ndogo ni afadhali kidogo, huenda inaongeza hatari kwa hadi asilimia 21. Mpaka waliouweka ulikuwa 1.16. Kwa kuwa 1.21 imepita 1.16, hawawezi kusema kwa Dar es Salaam kwamba dozi ndogo ni salama sawa na kubwa katika jambo hilo. Angalia vizuri hapo: hawajasema ni mbaya. Wamesema hawakuweza kuuondoa uwezekano kwamba ni mbaya. Ukichanganya hizo sentensi mbili utawapotosha wenzako, na ni rahisi mno kuzichanganya.

Unaona ule mstari wako wa nne wa daftari? Kama ungeandika kifafa cha mimba peke yake, ungeondoka na jibu la "inatosha" na dhamiri safi.

Mawili ya mwisho. Wanawake wote walikuwa hawajawahi kuzaa na waliingia kabla ya wiki 20, kwa hiyo mama wa uzazi wa nne anayekuja kliniki kwa mara ya kwanza na miezi saba hayumo humo. Na hakuna kundi lililokosa kalsiamu kabisa, hivyo makala hii haikuambii chochote kuhusu mama anayeacha vidonge vyote. Mama yako wa fundo la khanga yuko karibu na huyo kuliko na hao wa miligramu 500.

Kabla hujaenda, uweke pembeni ya makala hiyo mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani, gramu 1.5 hadi 2.0 kwa siku pale ambapo chakula cha wajawazito kina kalsiamu kidogo, na mwongozo wetu wa taifa wa matibabu ulio hapo kituoni. Dozi haibadilishwi na makala moja wala na grupu la WhatsApp. Hubadilishwa na wanaoandika mwongozo, na wao husoma makala kama hii.

---

Tabibu_Temeke – Alhamisi, saa 12:40 asubuhi

Sista, kwenye kikao usiwasomee makala. Karatasi moja, upande mmoja: swali lako la mistari minne, ulitafuta wapi na kwa maneno gani, ulipata nini, nani hawakuwemo. Waoneshe na tarehe uliyotafuta. Atakayebisha, arudie utafutaji huo huo mbele yenu.

---

MkungaWaMbagala – Ijumaa, saa 7:25 mchana

Nimerudi kuwaambia. Kikao kilikuwa saa moja na nusu, tulikuwa 12, nikabandika karatasi ukutani kwa plasta ya dawa kwa kuwa projekta ilikuwa haisomi. Nilianza na ile hesabu ya mabenchi, watu 1,000. Ndipo kila mtu alinyamaza akasikiliza. Nilipofika kwenye 1.21 na 1.16, yule mwenzetu aliyerusha picha alisimama, akachukua simu yake, akasoma ikisiri yote kwa sauti mpaka sentensi ya mwisho. Akasema picha aliyotumiwa ilikuwa imekatwa juu ya sentensi hiyo. Nilimshukuru mbele ya wote, maana bila yeye nisingetafuta.

Tulichokubaliana: tunaendelea na dozi ya mwongozo. Mganga mfawidhi ataandika kwa ngazi ya manispaa kuuliza kama kuna mabadiliko yanayokuja. Na kila mama anayerudi kliniki tutamwomba afungue mkoba tuhesabu vidonge vilivyobaki, kwa upole, bila kumgombeza. Hilo nililiomba mimi.

Yule mama wangu nimempigia. Tumekubaliana ameze kalsiamu baada ya chakula, kimoja kimoja kwa nyakati tofauti, na FEFO aitenge, asimeze pamoja nayo. Aje Jumatatu nimwone.

Kuhusu Hinari, hatujasajiliwa. Mfawidhi kanipa kompyuta ya ofisi ya takwimu niijaze fomu leo jioni.

Mama, wamenipa na swali la mwezi ujao: dawa ya kukata damu kwa mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua, je, inabidi itolewe ndani ya saa ngapi? Nimeshafungua PubMed.

---

MamaMkutubi – Ijumaa, saa 8:05 mchana

Ifunge kwanza. Niandikie mistari minne.

---

MkungaWaMbagala – Ijumaa, saa 8:30 mchana

Nani: mama aliyejifungua, kwa njia ya kawaida au upasuaji, anayetoka damu nyingi. Nini: asidi ya traneksamiki ya mshipa, ndani ya saa tatu. Ukilinganisha na: kuitoa baada ya saa tatu, au kutoitoa. Ili kuzuia: kifo cha kutokwa damu.

Nimeongeza na mstari wa tano: madhara gani.

---

MamaMkutubi – Ijumaa, saa 8:34 mchana

Sasa fungua.